Nilipanga foleni kutazama nyota, nikaona ukungu. Je, nirudi?

Shangazi, assalaam aleikum.

Mimi ni mwendesha boda, nina miaka 31, naishi Bombo na mke wangu na binti yetu wa miaka 7. Kazi yangu ni ya usiku zaidi, kati ya Bombo na Wobulenzi, na mara nyingine hadi Kampala mteja akilipa vizuri. Usiku huo ndio ulioniingiza katika jambo hili. Umeme ukikatika, nami nimezima taa ya pikipiki namsubiri abiria, mbingu inajaa nyota mpaka nasahau kuondoka. Marehemu bibi yangu alinionyesha Kilimia nikiwa mtoto, yeye alikitumia kujua wakati wa kupanda. Zaidi ya hapo sijui kitu, na natamani sana kujua.

Mwezi wa kwanza nikasikia redioni kwamba kuna usiku wa umma wa kutazama nyota huko Kampala, kiingilio shilingi 20,000. Niliacha kazi ya usiku ule nikaenda. Shangazi, nilirudi na huzuni. Darubini ilikuwa moja, watu labda 150. Kulikuwa na muziki na taa za jukwaani, na mwezi ulikuwa umejaa unang'aa kama mchana. Nilisimama kwenye foleni zaidi ya saa mbili. Zamu yangu ilipofika nikaambiwa natazama wingu la gesi lililo katika nyota za Orioni. Nikaona kitu cheupe cheupe, kama pumzi ya mtu kwenye kioo. Picha yake niliyokuwa nimeiona kwenye simu ni nyekundu na zambarau! Kabla sijaelewa ninachotazama nikaguswa bega, nimpishe mwingine.

Baadaye nikajipa moyo, nikamuuliza kijana mmoja wa pale kwa Kiswahili: Kilimia kiko wapi usiku huu? Akacheka. Akawaambia wenzake kwa Kiingereza kwamba huyu wa boda anatafuta nyota za kijijini. Hakujua kwamba Kiingereza nakielewa.

Sasa nina shilingi 600,000, nimeziweka kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Kuna duka mjini linauza darubini kwa 550,000, na kwenye boksi imeandikwa kwamba inakuza mara 525. Mke wangu anasema: kama kwa darubini ya wataalamu ulilipa ukaona ukungu, hiyo ya boksi itakuonyesha nini? Anataka fedha ziende kwenye karo ya muhula ujao. Nami nimesikia kutakuwa na usiku mwingine wa nyota mwezi wa sita. Niende tena, ninunue yangu, au niliache jambo hili kabisa? Binti yangu ananiuliza maswali nisiyoweza kuyajibu. Juzi nikimrudisha kutoka kwa bibi yake aliniuliza kwa nini mwezi unatufuata. Nikanyamaza.

Mpenda nyota,
Bombo

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Rudi. Nimeisoma barua yako mara tatu na kila mara jibu langu ni hilo. Usiku wa nyota wa umma unamfaa sana mtu anayeanza. Ila usiende na matarajio yale yale, usilipe kabla hujauliza maswali nitakayokupa, na zile laki sita usiziguse kwanza.

Nianze na kile kicheko, maana naona kimekuuma kuliko elfu ishirini. Kilimia ni kundi la nyota ambalo Waarabu huliita Thuraya na Wazungu huliita Pleiades, na usiku ule wa Januari, saa mbili, lilikuwa juu sana, karibu na utosi wenu, limeelemea kaskazini kidogo. Wajapani huliita Subaru. Ukikwama kwenye msongamano wa Kawempe, tazama nembo ya gari la Subaru lililo mbele yako: zile nyota sita ni Kilimia cha bibi yako. Wahenga walikiweka kwenye msemo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Na ndivyo ilivyo kwetu. Mwezi wa tano, mvua zikiwa bado zinanyesha, kinazama magharibi pamoja na jua, kinapotea wiki kadhaa, kisha mwezi wa sita kinachomoza mashariki alfajiri, na kiangazi kimeingia. Wewe unayefanya kazi usiku, mwishoni mwa Juni simama mahali peupe kabla ya adhana ya alfajiri utazame mashariki. Utakiona.

Kwa hiyo uliuliza swali la mtu mwenye elimu, ukajibiwa na mtu ambaye hakujua alichoulizwa. Imeniudhi. Anayesimamishwa kando ya darubini amepewa amana, na kumcheka mwenye kuuliza ni kuivunja amana hiyo. Lakini usikubali mtu mmoja akufungie mbingu nzima.

Sasa nikueleze kwa nini nakuambia urudi. Unaijua jioni ya tarehe 29 Shaabani. Nilipokuwa msichana kule Arua, baada ya magharibi tulikuwa tunatoka wote, wazee kwa watoto, kwenda kiwanjani kuutafuta mwezi mwandamo. Mtu mmoja anapaza sauti, "Ule pale!" Wengine hatuoni kitu. Basi anakuja nyuma yako, anakushika bega, ananyoosha mkono karibu na shavu lako: fuata lile tawi la mwembe, panda vidole viwili, sogea kulia kidogo. Mara unauona, uzi mwembamba mweupe, na ukishauona hata mtu akuzungushe unaupata tena mwenyewe. Ule ulikuwa usiku wa umma wa kutazama mbingu, mwanangu, na tuliufanya miaka mingi kabla sijaliona darubini kwa macho yangu. Nilichojifunza pale ni kwamba jicho linahitaji kuonyeshwa na jicho jingine. Simu ina programu nzuri za nyota, nami nazitumia, lakini simu haijui wewe unatazama wapi na umekosea kwa vidole vingapi. Mtu aliye karibu nawe anajua.

Huko Marekani alikuwako mzee John Dobson, aliyewahi kuwa mtawa, ambaye alitengeneza darubini kwa vioo vya madirisha ya meli na mirija ya karatasi ngumu. Mwaka 1968 yeye na vijana wachache walianzisha kikundi cha kuweka darubini kando ya barabara za San Francisco, wakiwaita wapita njia waje kutazama bure. Hawakungoja watu wawe wataalamu. Walisimama pale, wakaonyesha, wakaeleza, wakajibu maswali. Unapokwenda usiku wa nyota, mtafute mtu wa namna hiyo kwanza, darubini baadaye. Ukimpata mmoja anayefurahia kuulizwa, kaa naye hata kama darubini yake ni ndogo kuliko zote uwanjani.

Barua yako yenyewe imenionyesha kilichoharibika. Umesema mwezi ulikuwa umejaa. Waandaaji wengine huuchagua mwezi mpevu kwa sababu unapendeza na watu wanaona njia, lakini kutafuta wingu la gesi chini ya mwezi mpevu ni sawa na kusikiliza mnong'ono katikati ya soko la Owino saa sita mchana. Kalenda ya Kiislamu uliyoibandika ukutani inakusaidia hapa kuliko wengi wanavyofikiri, kwa sababu tarehe yake ni umri wa mwezi. Ukitaka kuuona mwezi wenyewe vizuri, nenda tarehe 7 hadi 9, ukiwa nusu. Wakati huo jua linaupiga ubavuni, na pale mwanga unapokutana na giza milima na mashimo yake yanatupa vivuli virefu. Mwezi mpevu hauna vivuli hivyo, unaonekana bapa kama sahani. Ukitaka mawingu ya gesi, Kilimia, au ule ukanda mweupe unaokatiza anga, chagua tarehe 26 au 27 hadi tarehe 3. Tangazo la redioni likitaja siku, itafute kwenye kalenda kabla hujaacha kazi ya usiku.

Na ile pumzi kwenye kioo ndiyo yenyewe. Uliliona wingu la Orioni. Gizani jicho la binadamu halitambui rangi vizuri, karibu kila kitu hafifu hulijia kikiwa cha kijivu. Kamera iliyopiga picha uliyoiona kwenye simu iliachwa wazi ikusanye mwanga kwa dakika nyingi, pengine saa nyingi, jambo ambalo jicho haliwezi. Nuru iliyoingia jichoni mwako usiku ule ilisafiri miaka ipatayo 1,300. Iliondoka kule katika karne za mwanzo za Uislamu, na mahali ilikotoka kunazaliwa nyota mpya hadi sasa. Laiti mtu mmoja angekunong'oneza maneno hayo kabla hujainama! Elfu ishirini usingeililia.

Pengine pia picha ilikuwa imevurugika. Macho ya watu hayalingani, na aliyekutangulia huenda aliirekebisha darubini ifae jicho lake. Siku nyingine mwombe msimamizi, kwa adabu tu, akuonyeshe kile kigurudumu kidogo cha kurekebisha, ukizungushe polepole mpaka nyota iwe nukta. Usishike mrija, unatikisika. Tazama kwa utulivu, kisha jaribu kutazama pembeni kidogo ya kile unachokitafuta, kwa sababu ukingo wa jicho huona mwanga hafifu vizuri zaidi kuliko katikati. Na macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Taa moja ya jukwaani, au simu moja usoni, inakurudisha mwanzo.

Ndiyo maana nasema uliza kabla ya kulipa, hata kwa simu. Darubini zitakuwa ngapi? Nani atasimama kando ya kila moja, na ataeleza kwa lugha gani? Taa zitazimwa? Mawingu yakifunga, kiingilio kinarudishwa, au kuna usiku wa akiba? Wakijibu kwamba darubini ni moja, kuna muziki, na watu ni mia na zaidi, usiende. Fanya hesabu mwenyewe: watu 120, kila mmoja dakika moja, ni saa mbili za foleni kwa kitu kimoja. Usiku wako wa kazi ni fedha, nami siwezi kukuambia uutupe. Kama darubini ni nne tano na waeleza mambo wapo, nenda, tena chelewa kuondoka. Wenye watoto wadogo huanza kuondoka saa nne. Wanaobaki baada ya hapo ndio wenye mapenzi, foleni inakuwa fupi, na hapo ndipo mtu anakuambia, "Njoo, shika mwenyewe, itafute."

Hata hivyo muda mfupi usikuvunje moyo. Tarehe 3 Novemba 2013 nilikuwa Pakwach, jua lilipopatwa lote. Nilisafiri siku nzima kwa ajili ya giza la sekunde zipatazo 20. Watu walikuwa wengi ajabu, tunaazimana miwani ya kukingia macho na tusiojuana, bibi mmoja ananiambia kwa Kialur jambo nisilolielewa huku amenishika mkono. Giza lilipoingia, sauti iliyotoka kwa umati ule sijaisikia tena popote. Ningekuwa peke yangu uani kwangu ningeona jua lile lile, na nisingekuwa na lolote la kukusimulia leo.

Usiku wa mwezi wa sita ni bahati kwako, mradi tarehe ya mwezi ikubali. Mvua zimepungua, ingawa moshi wa nyasi zinazochomwa unaweza kuleta utando. Ukitazama kusini saa mbili usiku utauona Msalaba wa Kusini, na ukigeuka kaskazini utaziona nyota saba zenye umbo la upawa. Watu wa Ulaya wanauona upawa, Msalaba hawauoni. Walio kusini kabisa mwa dunia wanauona Msalaba, upawa umefichwa chini ya upeo. Sisi tunaoishi karibu na mstari wa ikweta, ule unaokatiza barabara ya Masaka pale Kayabwe, tunaviona vyote viwili kwa kugeuza shingo tu. Na giza letu linaingia mapema mwaka mzima, saa mbili usiku nyota ziko tele. Huko Uingereza mwezi wa sita mtoto anayetaka kuona nyota lazima akeshe hadi karibu na usiku wa manane. Binti yako ataziona kabla ya muda wake wa kulala. Mchukue, na mama yake pia.

Tukija kwenye lile boksi, mke wako ana haki kabisa. Maandishi ya "mara 525" ni ya kuuzia. Kipimo cha darubini ni upana wa kioo chake kikuu, na ukuzaji wenye maana hauzidi mara mbili ya milimita za upana huo. Kama kioo ni cha milimita 60, ambacho ndicho cha kawaida kwa maboksi hayo, mwisho wake ni mara 120. Ukizidisha, unakuza ukungu tu. Halafu tazama miguu na shingo yake. Baadhi zina kiungo chenye mhimili unaotakiwa kuelekezwa kwenye ncha ya anga, yaani ile nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka. Huko Ulaya ncha hiyo iko juu, na nyota ya kaskazini inawaonyesha mahali pake. Kwetu imelala kwenye upeo, nyuma ya miti na nyumba, na mhimili unalala pamoja nayo kama mpini wa jembe lililoachwa chini. Mtu anayeanza atahangaika nao wiki moja, kisha darubini itaishia juu ya kabati. Kinachofaa huku ni kiungo rahisi cha kupanda na kushuka, kulia na kushoto. Kile alichokitumia Dobson ndicho, na kinaitwa kwa jina lake duniani kote.

Usiku wa umma unakupa nafasi ambayo muuzaji hatakupa. Utatazama kwa darubini za watu, kubwa na ndogo, uulize bei, uulize inabebwaje, uulize inamsumbua wapi. Baada ya usiku mbili tatu za namna hiyo utajua unachotaka. Hadi hapo, lipa karo. Ukibakiwa na kitu, tafuta darubini ya macho mawili, hata iliyotumika, iliyoandikwa 7x50 au 10x50, yaani inakuza mara 7 au 10 na vioo vyake vya mbele vina upana wa milimita 50. Ukiiegemeza vizuri kwenye ukuta itakuonyesha mashimo ya mwezi, nyota nyingi za Kilimia zisizoonekana kwa macho matupu, na ile miezi minne ya sayari ya Mshtarii ambayo Galileo aliigundua Januari 1610, ikiwa imejipanga kama punje kando ya sayari yake. Pete za sayari ya Zohali haitakuonyesha, hizo zinataka ukuzaji wa mara 30 hivi. Pete hizo panga nazo foleni kwa darubini ya mtu mwingine, uwanjani, na usiondoke mpaka umeziona.

Na usinyamaze tena mbele ya binti yako. Mwezi uko mbali nasi kilomita zipatazo 384,000. Ninyi mlikwenda kilomita chache tu, na kwa umbali ule mwendo huo si kitu, kwa hiyo mwezi ulibaki upande ule ule huku miti na nyumba za karibu zikirudi nyuma, na macho yakadhani unafuatana nanyi. Usimweleze tu. Mpakie kwenye pikipiki jioni ya mwezi, uende taratibu, umwambie atazame mti ulio kando ya barabara, kisha mlingoti wa simu ulio mbali, kisha mwezi. Muulize kipi kinarudi nyuma haraka, kipi polepole, kipi hakirudi kabisa. Halafu mnyamazie kidogo, aseme yeye.

Shangazi